Nakshi Niliyoishona Kichwa Chini

Ujumbe ule ulikuwa wa sauti, wala haukufika nusu dakika. Ilikuwa saa nane mchana, wateja wamekwenda kula, nami nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa ninapofanya kazi. Niliweka simu sikioni nikidhani ni mtu anaagiza kofia. Ikatoka sauti ya mzee, kavu na ya polepole, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha watu wazima wa Mombasa ambacho sasa wakisemao ni wachache.

"Binti, masalkheri. Hiyo karatasi uwaonyeshayo watu, umeishika kichwa chini. Nimestahamili miezi mitatu, leo nimeshindwa. Na hivyo vitundu vitatu vya pembeni si watoto. Huyu mwanangu atakwelekeza nyumbani. Uje."

Niliusikiliza mara nne. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikasirika. Mara ya nne nilisikiliza neno kwa neno, maana bado nilikuwa sijaelewa ni jambo gani hasa nimeambiwa.

Mimi nashona kofia za mkono, zile nyeupe za nakshi wanazovaa wanaume kwa kanzu. Nilijifunza kwa mama, kwenye sakafu ya ghorofani katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, tangu vidole vyangu havijazoea sindano. Kazi hii ina watu wawili. Kuna mtunzi, ambaye huchora nakshi kwenye karatasi na kuitoboa kwa sindano, kitundu baada ya kitundu. Na kuna mshonaji, ambaye huilaza karatasi ile juu ya bafta nyeupe, akaipaka unga wa mkaa, unga ukapita vitunduni na kuacha alama. Juu ya alama hizo ndipo anaposhona, mwezi mzima, wakati mwingine miwili, kwa kofia moja.

Mama alikuwa mshonaji. Karatasi zake alizitia katika bati la biskuti, nazo zilikuwa zimekolea mkaa hata ukizigusa unanawa. Utotoni nilimuuliza ni nani aliyezichora. Alinijibu, "Za zamani," akaendelea kushona. Mimi nikachukulia kuwa ni zake. Alipofariki, bati likawa langu, na chini kabisa nikakuta karatasi moja ambayo sikuwahi kumwona akiitumia. Ilikuwa ndefu, ya ule ukanda wa pembeni wa kofia, imekunjwa ndani ya kipande cha gazeti. Nilipoikunjua niliona mawimbi. Mawimbi yamepangana, na ndani ya kila wimbi kitu cha mviringo, mgongo juu, kama kasa anayeelea. Pembeni palikuwa na vitundu vitatu peke yake, havikuungana na chochote.

Nililia siku ile. Nilijiona kama mtu aliyeandikiwa barua.

Aliyenitia katika mambo ya kujionyesha ni binti wa kaka yangu, anayesoma chuoni kule karibu na Buxton na kulala kwetu siku za wiki. Alinikuta nalalamika kuwa kofia za mashine zimejaa madukani na hakuna atakayeingoja ya mkono.

"Shangazi," akasema, "mtu haingoji kofia asiyoijua. Mwonyeshe inavyozaliwa. Kila siku kidogo. Unavyoloweka bafta itoke dondo na kulainika, unavyotoboka kidole, unavyofumua."

"Hata nikikosea?"

"Hasa ukikosea. Watu wamechoka na vitu vilivyokamilika. Wanataka kumwona mtu akifanya kazi."

Basi nikaanza. Alinipangia simu juu ya rundo la vitabu vyake, ielekee mikono yangu tu, kwa sababu uso sikutaka. Mwanzoni waliotazama walikuwa jamaa zetu. Kisha siku moja nilijirekodi nikifumua kazi ya siku nne kwa sababu ya tundu moja lililokwenda upande, huku nazungumza peke yangu kama nifanyavyo siku zote, na video hiyo ikasambaa sana. Waliniandikia watu wa Ngazija, wa Maskati, wa Dar es Salaam, na vijana wa Nairobi ambao sidhani wamewahi kuvaa kofia. Wote walikuwa na ombi moja: endelea kusema.

Nikaendelea kusema. Nikasema juu ya mama, alivyokuwa akitunga nakshi zake kwa taa ya chemni. Nikawaonyesha ile karatasi ya chini ya bati, nikawaambia hii ndiyo kazi yake kubwa, aliificha hata sisi wanawe tusiione. Nikawaonyesha vile vitundu vitatu. "Sisi tulizaliwa watatu," nikasema, "ndugu zangu wawili na mimi. Mama alitutia kwenye kazi yake bila kutuambia." Sikusema uongo kwa kukusudia. Nilikuwa naamini kila neno. Ukurasa tukauita Wimbi la Mama, na nikaanza kuishona nakshi ile hatua kwa hatua, watu wakiniangalia wiki baada ya wiki.

Mambo yalikwenda mbali hata nikaalikwa katika mkutano wa akina mama wafanyabiashara, niwaeleze jinsi mtu anavyojijengea jina kwa kazi ya mikono yake. Nilivaa buibui jipya. Nilisimama mbele ya ukumbi mzima nikasema, "Siri yangu ni moja. Sifichi kitu." Walipiga makofi. Nikikumbuka makofi yale mpaka leo uso waniwaka moto.

Ujumbe wa yule mzee uliingia siku sita baada ya mkutano.

Nyumba yake iko Bondeni, juu ya duka linalouza vyombo vya plastiki. Nilikwenda Ijumaa baada ya alasiri. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa rika langu, mwalimu wa shule ya msingi kama nilivyokuja kujua, ambaye alinipa salamu zote za adabu bila kutabasamu hata kidogo. Ndiye binti wa mzee, mwenye ile simu. Mzee alikuwa ameketi kitandani karibu na dirisha, amevaa kikoi na fulana nyeupe, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja nayo?"

Nilikuwa nayo ndani ya bahasha. Aliitoa taratibu, na kabla hajaitazama alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayepapasa kovu lake. Kisha akaigeuza, ya juu ikawa chini, akaniwekea mapajani.

"Sasa tazama."

Nilitazama. Mawimbi yalikuwa yamesimama. Kila wimbi lilikuwa limekuwa tao, na katika kila tao kasa wangu alikuwa ameketi vizuri, mdomo juu. Hakuwa kasa. Alikuwa bakuli.

"Vidaka," nikasema. Vile vishubaka vya ukutani katika nyumba za kale, ambamo watu hupanga sahani na mabakuli ya Kichina. Nyumba yetu wenyewe inavyo. Nimevifuta vumbi maisha yangu yote.

"Vidaka," akasema mzee. "Na hivyo vitundu vitatu ni vya kumwonyesha mshonaji chini ni wapi, asije akafanya uliyoyafanya wewe."

Miezi mitatu. Maelfu ya watu. Nakshi imepinduliwa na mimi naieleza kwa sauti ya majonzi. Nikajaribu kujitetea.

"Lakini mzee, mama mwenyewe alitoboa..."

"Najua uliyowaambia. Nimesikia yote. Ati aliwatoboa watoto wake watatu." Alitikisa kichwa. "Karatasi hini ilipotobolewa, mamako hakuwa na mtoto hata mmoja."

"Wewe wajuaje?"

Alimwangalia binti yake. Binti akageuza uso dirishani. Hapo ndipo nilipohisi kuwa kuna jambo lililokwisha semwa katika chumba kile kabla sijafika, na kwamba wote wawili walikuwa wakiningoja mimi tu.

"Kwa sababu niliitoboa mimi," mzee akasema. "Na mamako alikuwa ameketi mbele yangu, hivi ulivyoketi wewe, akiningoja nimalize apate kushona."

"Alikuwa mwanafunzi wako?"

"Alikuwa mke wangu."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilifanya nini baada ya neno hilo, na ninachokumbuka ni pangaboi. Lilikuwa linazunguka polepole, bawa moja limechakaa, na mimi nililifuata bawa lile kwa macho, likienda na kurudi, nikiwa na hakika kwamba nikiacha kulitazama nitaanguka. Masikio yalikuwa yameziba kama ya mtu aliyepiga mbizi. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arubaini na minne, mama amekwisha kufa, na katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba aliolewa kabla ya baba.

Nikauliza swali la kijinga. "Mpaka lini?"

"Miaka sita," akasema kwa upole, kana kwamba swali lilikuwa la maana. "Hatukupata mtoto. Wakubwa wakakaa, wakasema, sisi tukanyamaza. Zamani zile ukinyamaza umekubali. Kisha Mungu naye ana mambo yake. Yeye akapata watatu, nami nikapata wanne."

"Na karatasi?"

"Nalimpa. Siku aliyotoka, nikamtilia zote ndani ya bati. Alikuwa hana kazi nyingine ila sindano, na mshonaji asiye na nakshi atakula nini?"

"Na wewe?"

"Nikaandikwa bandarini. Bandarini hakuna nakshi."

Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayekwambia saa. Mimi ndiye niliyeshikwa na kwikwi. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye bati lile. Kanzu za ndugu zangu, dawa za bibi, mchele wa Idi. Mtu huyu alinilea kabla sijazaliwa, na nilikuwa nimesimama mbele ya ukumbi nikapigiwa makofi kwa kazi yake.

"Mzee wangu, nisamehe. Kama ungenitafuta mapema..."

"Nikutafute nikwambie nini? Mamako alikuwa hai, ana mume wake. Alipofariki nalikwenda mazikoni, nikasimama safu ya nyuma, nikarudi zangu. Kisha huyu akanionyesha simu, nikaona mikono. Nikasema huyu ashona kama yeye, kidole cha mwisho amekinyosha. Nikawa natazama kila siku. Maneno yako yote nalikuwa nimeyameza, binti. Jina la mtu ni kitu gani. Lakini bakuli kupinduliwa!" Sauti yake ilipanda ghafla, nikashtuka. "Chakula chamwagika mbele ya watu, na wewe wawaambia ni kasa! Hapana. Hilo lilinishinda."

Na nikacheka. Nilikuwa nalia, nikacheka. Yeye pia alicheka kidogo, kisha akasema jambo lililonikatia kicheko.

"Huo ndio ukuta wa chumba chetu. Naliuchora nikiwa na homa, nimelala, sina la kutazama ila ukuta na mabakuli ya mamangu."

Nilipoaga, binti yake alinisindikiza mpaka ngazini na kufunga mlango nyuma yake.

"Mama yangu yumo chumba cha pili," akasema kwa sauti ya chini. "Amesikia yote."

"Hakuwa akijua?"

"Ajua. Lakini kujua na kutangaziwa ni mambo mawili. Dada yangu, wewe umezoea kuwaeleza watu kila kitu. Mimi nakuomba. Kesho ukifungua simu yako kusema ukweli, useme wako. Jina la baba usilitaje, uso wake usiuonyeshe, na habari ya ndoa usiiguse. Hapa mjini watu watajua ni nani hata kabla hujamaliza sentensi."

Nilimwahidi. Na hapa pia, nikiandika baada ya wote wawili kuniruhusu, yeye na baba yake, majina sitaji.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na ilikuwa kama mji wote umehamishwa hatua moja upande. Kila mzee aliyenisalimu nilijiuliza, huyu naye anajua? Baba nilimkuta ghorofani, ameketi kwenye mkeka, anakata kucha za miguu kwa mkasi wangu wa kazi, jambo ambalo nimemkataza mara mia. Siku ile sikumwambia kitu. Niliketi mbele yake.

"Baba, ulijua kuwa mama alikuwa ameolewa kabla yako?"

Hakuinua kichwa. "Mji mzima wajua."

"Mimi sikujua!"

"Wewe hukuuliza."

"Nilimuuliza karatasi ni za nani! Alinijibu za zamani!"

"Basi si za zamani?" Alihamia mguu wa pili. "Nani amekwambia?"

Nikamweleza nilikotoka. Hapo aliweka mkasi chini. Aliuliza kama yule bwana ana afya, nikasema ana afya, akasema alhamdulilahi, na nilipomtazama niliona kuwa alisema kwa moyo. Kisha, kwa sauti ile ile, akaniambia nifungue kasha la mama, upande wa kushoto, chini ya leso mpya, nimletee kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kijani.

Ilikuwa kofia. Bafta imegeuka rangi ya siagi. Niliizungusha mkononi, na kando yake, tundu kwa tundu, kazi safi kuliko yoyote niliyowahi kumwona mama akiifanya, palikuwa na vidaka. Vimesimama sawasawa. Kila kidaka na bakuli lake, mdomo juu.

"Hii ndiyo niliyovaa siku ya nikahi," baba akasema. "Alinishonea mwenyewe."

Kumbe nakshi ile aliwahi kuishona, na aliishona kwa ajili ya baba.

"Ulijua nakshi ni ya nani?"

"Ya nani tena? Mamako alikuwa na karatasi za mtu mmoja tu."

"Hukuona vibaya?"

"Ilikuwa kofia nzuri." Aliichukua, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo. "Niliona ni vidaka. Nikasema anatutakia nyumba iliyojaa."

Hapa ndipo nilipostahili kunyamaza. Nimejilaumu sana kwamba sikunyamaza. Lakini nilikuwa na mwaka mzima wa kusema kila kinachonijia, ulimi umekwisha zoea, na neno likatoka lenyewe.

"Baba, ni ukuta wa chumba chao."

Nje mtu alikuwa anaburuta mkokoteni juu ya mawe, nikausikia ukipita uchochoro mzima mpaka ukaishia. Kwa mara ya kwanza katika habari ile yote, nilimwona mtu mwingine anashtuka zaidi yangu. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona, hata siku ya kumzika mama. Kisha akasema polepole, si kwangu, kwa ile kofia:

"Ndiyo maana hakutaka niivae tena. Kila Idi nikiitaka, alisema itachafuka."

Aliifunga kwenye kitambaa chake, akanipa niirudishe. Usiku ule hakula. Wala siku ya pili hakunisemesha zaidi ya salamu. Nilifikiri nimeivunja ndoa ya mtu aliyekwisha kufa.

Video ya kusema kweli niliirekodi mara saba. Binti wa kaka yangu alishika simu, na safari hii nilitaka uso wangu uonekane. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kuzaa. Mara za kwanza nilikuwa najieleza sana, najitetea, naweka huzuni pale pasipohitajika. Mwishowe nilisema machache: "Nakshi hizi hakutunga mama yangu. Alizitunga fundi ambaye yu hai, nami sikujua, na sina ruhusa ya kumtaja. Vitundu vitatu si watoto. Na hii ndiyo juu." Nikaigeuza karatasi mbele ya kamera. Kisha nikawaonyesha kofia ya pili ya mawimbi, niliyokuwa katikati ya kuishona, nikachukua mkasi nikaanza kuifumua.

Sikutegemea yaliyofuata. Wako walioniita tapeli. Mmoja aliandika kuwa nimemuuza mama yangu kwanza akiwa mtunzi na sasa namuuza akiwa siye. Nililikumbuka neno hilo wiki nzima. Familia moja iliyotaka kofia kumi na mbili za harusi ikaghairi. Wengine wakaanza kumtafuta fundi, wakitaja majina ya wazee wa watu kama wanaokisia mchezo, nami nikashinda nafuta maandishi yao moja moja, huku nikilisikia lile ombi la pale ngazini kila nilipofumba macho. Binti wa kaka yangu alilia. "Shangazi, jina letu limevunjika." Nikamwambia halikuwa letu.

Lakini wengi walibaki, na hilo nalo lilinishtua. Mwanamke mmoja wa Ngazija, aliyenunua kofia ya kwanza ya mawimbi kwa ajili ya mumewe, aliandika: "Yetu usiifumue. Sisi ni watu wa baharini, tutakwenda na kasa." Nilimsomea mzee maneno hayo. Aliguna. "Mwambie avae," akasema, "lakini asije akasema ni yangu."

Maana nilikuwa nimeanza kwenda kwake kila Ijumaa. Mkono wake watetemeka sasa, hawezi kutoboa, lakini aweza kusema, na mimi natoboa huku yeye anakemea. Nimejifunza kwamba nimeshona miaka thelathini bila kujua kwa nini tundu moja hufuata jingine. Ukurasa niliufuta jina nikaandika neno moja tu, Kofia. Naendelea kuonyesha kazi. Naonyesha machache kuliko zamani, na kabla sijaonyesha kitu chenye mtu mwingine ndani yake, kwanza namuuliza.

Baba alikaa siku arubaini bila kulitaja jambo lile. Kisha Jumapili moja baada ya chai aliniambia, "Yule bwana, aweza kutembea?"

"Kidogo, kwa mkongojo."

"Basi mlete Mama Ngina, pale ufukoni, jioni. Nyumbani kwangu hataweza kuja, na mimi kwake siwezi kwenda. Kule ni kwa watu wote."

Nilikwenda kumchukua kwa tuktuk. Tuliwakuta watu wamejaa kama kawaida ya Jumapili, wauza mihogo na viazi karai wamewasha majiko, moshi unatuingia machoni. Baba alikuwa amekwisha keti kwenye ukuta wa bahari, amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Alipotuona alisimama.

"Assalamu alaikum."

"Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh."

"U hali gani, bwana?"

"Njema, alhamdulilahi. Wewe je?"

"Njema. Watoto?"

"Hawajambo. Wako?"

"Hawajambo. Huyu hapa mmoja."

Salamu ziliendelea hata nikadhani zitakuwa ndizo mazungumzo yenyewe. Wakaketi. Nikawaletea mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, nikarudi nyuma hatua chache. Walizungumza juu ya magoti. Walizungumza juu ya sukari na daktari mmoja wanayemjua wote. Walizungumza juu ya feri. Nilianza kuchoka, nikaamini kuwa wazee hawa wameamua kuuzika mlima mzima chini ya habari za magoti.

Kisha mzee wa Bondeni akauliza, macho yake yako baharini:

"Kwako alikuwa akinuna siku ngapi?"

Baba alitafuna mhogo wake mpaka akaumaliza. "Tatu."

"Tatu?" Mzee aligeuka kumtazama. "Kwangu alikuwa afika saba! Nalipika mwenyewe siku saba!"

"Labda alikwisha choka alipofika kwangu."

Na wazee wawili wale wakacheka, wakacheka hata baba akalazimika kushika ukuta, na yule wa Bondeni akavua miwani apanguse macho kwa ncha ya kikoi. Mimi nilisimama pale na karatasi ya mihogo mkononi. Walikuwa wanamzungumzia mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mkaidi, anayenuna wiki nzima, na mimi mwanawe nilikuwa sijawahi kumwona. Mama niliyemjua mimi hakununa hata siku moja.

"Baba," nikasema, "mama alikuwa akinuna?"

Wote wawili walinitazama kama mtu aliyeuliza kama bahari ina chumvi.

"Njoo ukae," baba akasema, akanisogezea nafasi katikati yao. "Kuna mengi."